Mbaruku, Unga wa Mchuzi na Posa ya Sitara

Pakiti moja ya unga wa mchuzi ina nguvu ya ng'ombe mzima, ukiondoa pembe na kwato. Msinitolee macho, maneno hayo si yangu! Ni ya Mbaruku, mpangaji wa chumba cha mbele, na aliyasema asubuhi mbele ya watu wazima wenye akili zao, mswaki ukiwa mdomoni.

Kazi ya Mbaruku ni kuunadi huo unga. Duka si lake, ni la Mangi Godbless pale Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo. Yeye anasimama mlangoni na spika, amevaa fulana ya kampuni yenye picha ya sufuria kifuani, anawapigia kelele wapita njia mpaka wanunue ili anyamaze. Siku moja kampuni ikawaita wanadi wote kwenye ukumbi mmoja huko Ilala, wakafundishwa kuhusu lishe tangu asubuhi mpaka ubwabwa wa mchana. Alikwenda mnadi, akarudi Afisa Lishe. Cheti hakupewa, cheo alijipa mwenyewe njiani.

Tangu hapo uwani kwetu hapakukalika. Ukibandika maharage, Mbaruku huyo, anachungulia sufuria kama daktari anayeangalia koo la mgonjwa. "Dada Kuruthumu, hapa umekosa virutubisho." Ukisema goti linakuuma, unga wa mchuzi. Mtoto hakui, unga wa mchuzi. Aliutia kwenye mihogo, kwenye tambi, kwenye mayai, kwenye chipsi. Asubuhi moja aliutia kwenye uji, akaunywa mbele yetu mpaka chini huku machozi yanamtiririka, akasema hizo ni vitamini zinaingia.

Mimi siuchukii ule unga. Ukiwa na nyama robo na midomo sita inakusubiri, kijiko kimoja kinaufanya mchuzi usimame, uache kukimbia sahanini kama maji ya bomba. Unaukoroga kwanza kwa maji baridi kwenye kikombe, unaumimina sufuria ikikaribia kuiva, yamekwisha. Lakini nyuma ya pakiti wameandika kilichomo, kwa herufi ndogo za kujificha: wanga wa mahindi, chumvi, sukari, bizari, vitunguu vya unga, rangi. Ng'ombe sikumkuta. Nilipomwambia, alinijibu kwamba mimi nasoma herufi, yeye anasoma sayansi. Nikaendelea kupeta mchele wangu.

Sasa, nyumba yetu ni ya Bi Chiku. Ni nyumba ya Kiswahili ya zamani, imebaki peke yake kwenye safu yake, imezungukwa na maghorofa pande tatu kama mtoto aliyepotelea kwenye mkutano wa Mnazi Mmoja. Jua tunaliona saa sita tu, likipita. Bi Chiku ana binti, Sitara, mwanamke mzuri, mcheshi, anashona mashela ya harusi za wenzake chumbani kwake. Ameachika. Na aliyemwoa kwanza alikuwa kobe.

Kobe, kwa asiyejua, ni mtu anayekula mchana wa Ramadhani kwa kujificha, kichwa ndani ya gamba, akitoka nje anajifanya midomo imemkauka. Bi Chiku alimkuta mkwe wake yule nyuma ya pazia na kuku mzima. Aliapa kwamba binti yake hataolewa tena na kobe, hata awe kobe wa dhahabu.

Mbaruku alimpenda Sitara siku nyingi. Alipeleka posa mwezi wa Shaabani, na Bi Chiku hakumficha neno. Alimwambia kazi yake anaijua, ukoo wake anaujua, kelele zake anazisikia, kilichobaki ni kuiona Ramadhani yake. Jibu angepewa ndani ya mwezi.

Mtu mwingine angefunga akanyamaza. Mbaruku akatangaza! Kila jioni alirudi kutoka dukani akiwa ameshika ukuta, akatuambia jinsi njaa ya Kariakoo isivyofanana na njaa ya Magomeni, kwa sababu Kariakoo unafunga huku unasukumwa na matoroli. Kisha akaongeza la pili. Kwa desturi mposaji hupeleka futari kwa wakwe, na wengi hununua. Yeye akasema atapika mwenyewe, rosti la nyama kwa unga wake wa mchuzi, ili Bi Chiku ajue kwamba Sitara hatateseka jikoni. Akachagua Alhamisi. Mzee Twaha, mjomba wake Sitara, akaitwa aje kufuturu, na baada ya tarawehe mzee huyo angetoa jibu la posa.

Hata hapo hakutosheka. Sisi wanawake tukipika mchana wa Ramadhani tunagusa mchuzi kwa ncha ya ulimi kujua chumvi, tunatema, tunaendelea. Hakuna sheikh aliyewahi kutukataza. Mbaruku alituangalia akatikisa kichwa kwa huzuni. Alisema yeye ulimi wake hautagusa kitu, chumvi anaiona kwa macho. Bi Chiku alifurahi mpaka akanikanyaga mguu.

Alhamisi ikafika. Mangi Godbless alimpa ruhusa, naye akaingia jiko la uwani asubuhi na mapema, akajifungia na nyama, viazi, vitunguu, na unga wa kutosha kuziba barabara. Sitara alishamaliza chapati zake, akaziweka mle jikoni kwenye hotipoti.

Mimi nilikuwa nafua nje ya dirisha la lile jiko. Dirisha lina wavu tu, halina pazia, na mimi nina macho.

Nilimwona anaukata unga pakiti kwa pakiti na kuumwaga mkavu mkavu kwenye sufuria inayotokota. Basi ukafanya mabonge, mabonge yenye afya, makubwa kama kaimati. Akayafukuza na mwiko, yakazama huku yakaibuka kule. Akaongeza maji. Mchuzi ukawa mwepesi, akaongeza unga. Yakaja mabonge mapya kuwasalimia wenzao. Alihangaika hivyo mpaka adhuhuri, na mwishowe, niseme ukweli, alishinda. Rosti lilisimama, likang'aa, likanukia mpaka kuta za ghorofa za jirani zikameza mate.

Wanawake walikuwa wameingia ndani kuswali na kujinyoosha. Mimi nilibaki nasuuza. Nikamwona Mbaruku anatazama mlango. Anatazama rosti. Anatazama mlango. Akachota kwa upawa, akapuliza, akanywa. Hakutema.

Nikasema moyoni, maskini, kateleza. Kumbe ndiyo kwanza anajipanga! Akachukua bakuli, akajaza. Akafungua hotipoti. Akakalia mbuzi ya kukunia nazi, kwa uangalifu, maana ile ina meno, akaanza kula kwa raha zake kama mtu aliye kwenye harusi ya kaka yake. Chapati ikaenda. Nyingine ikaifuata. Ya tatu akaitumia kufutia bakuli.

Sasa nifikirieni mimi. Mimi, ambaye mtaa mzima unajua kwamba habari ikinifikia hailali njaa. Nimeona kwa macho yangu, na nimefunga! Kusengenya kunaiharibu funga, na ya kwangu ilikuwa imekaa vizuri mpaka siku ile, sijaisema hata kanga ya mtu. Nilibana midomo, nikaishika ile nguo, nikaikamua mpaka vifungo vikatoka. Nikajiambia, Kuruthumu, vumilia mpaka magharibi. Ukishameza tende, sema.

Kumbe chumvi haingoji magharibi.

Mnakumbuka nilichosoma nyuma ya pakiti. Mbaruku alikuwa na zaidi ya pakiti tumboni, na kabla ya unga alitia chumvi ya mkono wake kama kawaida. Anayekula kwa njaa haoni, maana ulimi unazoea taratibu. Lakini koo halizoei. Nilimwona anasimama, anatafuta maji. Ndoo ya jikoni alishaimalizia kwenye yale mabonge. Maji mengine yako uwani, kwenye pipa.

Akafungua mlango. Kando ya pipa, juu ya mkeka, alikuwa ameketi Mzee Twaha na tasbihi yake. Alikuja mapema, maana kwake wapangaji wana redio.

Mbaruku alimwamkia shikamoo kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Mzee akaitikia marahaba kwa upole, akamwonea huruma, akasema funga imemkamata kijana. Mbaruku akajibu kwamba anataka kutawadha. Mzee akafurahi, akidhani kijana alishaswali adhuhuri na bado anataka kukaa na udhu. Akainuka mwenyewe, akashika kopo, akamshikia maji.

Hapo ndipo nilipojua kwamba Mungu ana njia zake. Mbaruku alipeleka maji mdomoni mara ya kwanza, na uso wa Mzee Twaha ukiwa umbali wa kiganja. Akasukutua, akatema, na alivyotema ungedhani anamzika mtu wake. Akarudi jikoni. Hajakaa, akatoka tena. Udhu umetenguka. Mzee akashika kopo. Akatoka tena! Alitawadha kama bata siku ile. Mara ya mwisho mzee alimshika bega, akamwambia kwa mapenzi, "Mwanangu, usisukutue kwa nguvu sana. Tone likikupita utaipoteza funga nzuri kama hii."

Sote tulikuwa tumefunga tangu daku. Lakini nawaambia, hakuna aliyefunga Dar es Salaam nzima kama Mbaruku alivyofunga kuanzia adhuhuri ile. Ulimi ulimvimba. Alipotaka kusema "nyama" ilitoka kama kikohozi.

Ikaja alasiri. Ilikuwa masika, wingu limekaa zito juu ya Kariakoo, na umeme ukakatika. Uwani kwetu, chini ya yale maghorofa, kukawa giza la kuwasha taa. Sitara alikuwa ametandika mkeka wa futari mapema, akaweka tende, akaweka jagi la juisi ya ukwaju lenye barafu, akalifunika kitambaa cha shanga. Jasho la baridi lilikuwa linalitiririka lile jagi pembeni. Hata mimi niligeuza uso.

Msikitini wakaadhini.

Mbaruku alitoka jikoni kama amerushwa. Hakuuliza, hakutazama mtu. Akapiga bismillahi, akalifunua jagi, akalinyanyua zima na kulipeleka mdomoni, koo linapanda na kushuka kama lifti ya Mtaa wa Congo. Hakuacha mpaka barafu ilipomgonga meno. Akalishusha, akavuta pumzi, akasoma dua ya kufuturu kwa sauti nzuri kabisa.

Akafumbua macho. Tulikuwa tumesimama sote tunamtazama.

"Mwanangu," akasema Mzee Twaha, "hiyo ni alasiri."

Uso wa Mbaruku ulipita rangi zote za bizari. Nikasema, haya, Kuruthumu, umepona, mambo yamejianika yenyewe. Wapi! Mzee Twaha machozi yalimlenga. Akaanza kutueleza kwamba huyu kijana kafunga kwa dhati mpaka akili imemruka, hajui alasiri na magharibi, na ndivyo wanavyofunga watu wa kweli. Amepitiwa tu, siku moja atailipa baada ya Idi. Bi Chiku akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Akamwambia Sitara, kwa sauti ya kutaka sote tusikie, kwamba mume wa namna hii haokotwi. Sitara akainama akatabasamu. Mzee akasema kwa upande wake hata tarawehe ni kuchelewesha, jibu analo, ila tufuturu kwanza.

Yaani kobe amekula, amekunywa, amepata na mke! Nilikaa juu ya beseni langu nikauma kanga. Nilikuwa nimeiuma mpaka maandishi.

Mbaruku mwenyewe alichanua. Ukwaju ulimrudishia ulimi, na ulimi uliporudi ukarudi na kazi yake. Akaanza kutufundisha protini. Akasema nguvu iliyomwezesha kufunga vile ni ya ule unga, anaulamba daku.

Magharibi ikakaribia. Bi Chiku akaingia jikoni kupakua. Kwa desturi yake akachovya kidole kwenye rosti, akagusisha ncha ya ulimi, akatema. Akatema tena. Akatoka nje kutema mara ya tatu, kwenye mtaro.

"Mbaruku, baba," akasema kwa heshima, kama mtu anayezungumza na mkwe. "Chumvi imezidi kidogo."

Sitara akagusa. Akasema si kidogo. Bi Chiku akatoa amri rosti liongezwe maji na viazi vingine, au liwekwe kando tule chapati kwa maharage yangu. Akasema hilo si kosa lake, ni kawaida ya mtu aliyepika bila kuonja, na kwamba heshima ya funga yake ni kubwa kuliko rosti.

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, wazi, umewashiwa na taa. Alitakiwa kusema "sawa, mama". Maneno mawili, aoe.

Lakini Mzee Twaha, mkekani pale, naye akataka kumfariji. Akasema, "Usijali, mwanangu. Huu unga wa pakiti ndivyo ulivyo. Takataka tu, chumvi na rangi. Wewe ungefanyaje?"

Niliuona mshipa wa shingo la Mbaruku unaamka. Unaweza kumtukana Mbaruku, atacheka. Tukana unga wake!

"Mzee, samahani," akasema, na akasimama wima na ile sufuria ya fulana kifuani. "Huu unga umepimwa kitaalamu. Chumvi haijazidi hata chembe. Mchuzi huu huu, mchana huu huu, nimekula bakuli zima kwa chapati tatu, na sikuona tatizo lolote."

Tasbihi ya Mzee Twaha ilisimama kwenye punje iliyofikia.

"Mchana wa leo?" akauliza Sitara, taratibu.

"Wa leo," akasema Mbaruku, bado ana hasira za kitaalamu. Kisha neno likamrudia masikioni, tukaliona linaingia.

Bi Chiku aliweka upawa chini. "Umekula, Mbaruku?"

"Kwa kusahau, mama."

"Chapati tatu kwa kusahau?"

"Ya kwanza nilisahau."

"Na ya pili?"

"Ya pili nilikuwa najaribu kukumbuka."

Sitara alikaa chini, akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Mama yake alidhani analia. Halii! Alikuwa anacheka mpaka pumzi imemkata, na hapo ndipo msikitini walipoadhini, magharibi ya kweli safari hii. Tulimeza tende zetu. Nami nilikuwa nimejiandaa kusema, nimevumilia mchana kutwa, na hakuna hata kimoja kilichobaki cha kusema. Sijawahi kudhulumiwa vile.

Hatukumnyima chakula, sisi ni watu. Bi Chiku alimpakulia, akamwambia tu kwamba yeye hana haraka, asubiri tuliofunga tutangulie. Rosti tuliliongezea maji na viazi, tukalila mpaka likaisha. Lilikuwa zuri, na hilo ndilo lilimuuma zaidi, maana hakuna aliyetaka kumwambia.

Baada ya tarawehe Mzee Twaha alikataa kutoa jibu. Alisema koo linamuuma. Bi Chiku akachukua usukani mwenyewe, akamuuliza Mbaruku, bila kelele, amefunga siku zipi za mwezi huu. Mbaruku akasema nyingi. Bi Chiku akamtazama. Akasema baadhi. Bi Chiku akaendelea kumtazama. Akasema kuna Ijumaa moja aliifikisha mpaka alasiri.

Nilidhani atafukuziliwa mbali, na chumba cha mbele akihame. Lakini Sitara alimnong'oneza mama yake kitu sikioni. Walinong'onezana kidogo. Kisha Bi Chiku akasema, "Sijakukataa. Na sijakukubali. Idi ikipita, nenda kalipe mwezi wako wote, halafu urudi hapa useme tena unataka kuoa. Na safari hii sitaki kuhadithiwa, nataka shahidi."

Bi Chiku alimtafuta shahidi mwenyewe. Alijitupia buibui, akaenda mpaka Mtaa wa Mchikichi, akamkabidhi Mbaruku kwa Mangi Godbless. Mkristo wa Kilimanjaro ndiye anayemfungisha Mbaruku wetu! Na Mangi, biashara au ibada, hana utani. Anamfuata mpaka chooni, anasimama mlangoni, anamwambia aimbe ili amsikie hanywi maji.

Juzi nilipita dukani kununua bizari. Kampuni imeleta mtindo mpya baada ya Idi: jiko la gesi nje ya duka, mchuzi unatokota kutwa, wateja wanaonjeshwa bure kwa kipande cha mkate. Na anayekoroga ni nani? Amesimama juu ya mvuke, fulana imemlegea, spika iko chini, haina kazi. Mangi yuko kwenye kiti nyuma yake, macho hayapepesi.

Mama mmoja alionja, akasifu, akaomba kingine. Akamtazama Mbaruku. "Kaka, mbona wewe huonji mchuzi wako?"

"Nimefunga, dada."

Yule mama akacheka. "Ramadhani si imeisha?"

"Yenu imeisha," akasema Mbaruku, na akaendelea kukoroga. "Yangu ndiyo kwanza imeandama."